Mnatutisha na gesi ya kuchoma zege, asidi iliyo karibu nasi mmeiruka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, mtanisamehe. Ni kuhusu ile makala yenu ya sayansi ya gesi inayochoma hata zege, klorini trifloraidi, ambayo sasa imeshakatwa vipande vipande inazunguka WhatsApp na kila anayeipokea anaongeza chumvi yake, mpaka juzi mzazi mmoja kaniuliza kama awakataze watoto kupiga mswaki na dawa ya meno yenye floraidi maana "si ndo hiyo hiyo inayochoma zege mwalimu?" Mimi nafundisha kemia sekondari huku Arusha, na swali kama hilo siwezi kulipita, tena mkoa huu ambao floraidi tunaijua kwa meno yetu wenyewe.

Nianze na mlichopatia. Klorini trifloraidi ipo kweli, sio stori ya kutunga. Waliotangaza kwamba wameipata ni Wajerumani, Otto Ruff na mwenzake Krug, mwaka 1930. Ni atomi moja ya klorini imeshikana na tatu za florini (ambayo ikishikana na kitu kingine tunaiita floraidi), zimekaa kwa umbo la herufi T. Inachemka kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kwa hiyo Dar ni gesi mwaka mzima, huku kwetu alfajiri ya mwezi wa saba ingekuwa inakaribia kuwa kimiminika. Gesi yake haina rangi, ikiwa kimiminika ina ukijani wa njano kwa mbali, na ni nzito mara tatu na zaidi kuliko hewa kwa hiyo ikivuja haipandi juu ikapotea, inatambaa chini, inaingia mitaroni na mabondeni. Harufu yake wanasema ina utamu fulani lakini inakaba. Marekani wameweka kiwango cha sehemu 0.1 kwa milioni moja ya hewa, hicho hakitakiwi kupitwa hata kwa dakika chache, na ikifika sehemu 20 hapo wanahesabu kwamba maisha ya mtu yako hatarini papo hapo.

Mlipokosea ni pale mlipoiita gesi inayowaka. Haiwaki! Petroli inawaka, gesi ya kupikia inawaka, hii yenyewe haiwaki hata kidogo, ila inafanya vingine viwake. Kazi ile inayofanywa na oksijeni kwenye jiko lako la mkaa ndo inayofanywa na hii, tofauti ni kwamba hii inaifanya kwa ukali kuliko oksijeni yenyewe na haisubiri kiberiti. Ikigusa mbao, nguo, mafuta, mpira, nyama ya mtu, moto unaanza hapo hapo bila cheche. Watu wa roketi huwa wana neno lao la vitu viwili vinavyowaka kwa kukutana tu, na hii karibu kila kitu inachokutana nacho ni hivo.

Sasa watu wanachoshindwa kuelewa ni mchanga na zege, na hapa nawalaumu kidogo kwa sababu mliandika kama muujiza na hamkueleza. Kwanini mchanga hauungui siku zote? Kwa sababu ulishaungua zamani. Mchanga ni silikoni iliyokwisha kuolewa na oksijeni, ndoa imetulia, hakuna moto wa kawaida unaoweza kuivunja. Florini anakuja na mahari kubwa kuliko ya oksijeni, silikoni inaondoka naye, oksijeni inafukuzwa nyumbani, na joto linalotoka kwenye ugomvi huo ndo huo moto mnaouona. Zege vile vile, asbesto vile vile, hata majivu. Hizo ndoo nyekundu za mchanga zinazoning'inia sheli kwa kitu hiki ni kuni tu. Na maji ndo mabaya zaidi, yanagombana nayo kwa kishindo alafu yanatoa mvuke wa asidi, hiyo asidi nitaifikia maana ndo iliyonifanya nikae chini niandike.

Kisa cha zege ni cha kweli pia ila kwenye klipu wamekigeuza mara Urusi mara China. Kilitokea Marekani, miaka ya 1950 mwanzoni, wakati wanaitafutia kazi kwenye roketi. Zilimwagika karibu kilo 900 kwa mkupuo, zikala sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 30, zikaendelea kwenye kokoto chini yake sentimita 90 nyingine, na mvuke wake ukaharibu vyuma vilivyokuwa karibu. Moto wa namna hiyo hauzimwi. Unaondoa watu, unakaa upande upepo unakotokea, unasubiri ile kemikali iishe. Hakuna ushujaa hapo.

Kabla ya Wamarekani walikuwepo wanajeshi wa Hitler. Waliipa jina la siri N-Stoff, wakaijaribu dhidi ya ngome za zege, wakajenga kiwanda Falkenhagen mashariki ya Berlin, sehemu yake ikiwa chini ya ardhi, wakipanga kutoa mpaka tani 90 kwa mwezi. Jeshi la Urusi linafika 1945 kilikuwa kimetoa tani kati ya 30 na 50 tu kwa muda wake wote, na kila kilo iligharimu zaidi ya mark 100 za wakati ule. Haikutumika vitani hata siku moja. Hapo ndo napenda wanafunzi wangu wapaangalie kwa makini, kwamba watu waliokuwa tayari kufanya unyama wa kila aina walikaa na hiki kitu miaka yote ya vita na hawakukipeleka popote, maana silaha inayoweza kumchoma anayeibeba kabla ya adui ina mipaka yake. Wamarekani nao kwenye roketi waliishia kuiacha, nguvu ilikuwepo ila nani atajaza tangi?

Inakaaje kwenye mtungi sasa, kama inakula kila kitu? Swali zuri, wanafunzi huuliza kila mwaka. Chuma, shaba na nikeli vikikutana nayo polepole juu yake hujitengeneza utando mwembamba sana wa floraidi ya hicho chuma, na ule utando ukishakuwepo hakuna kinachoendelea, kilicho chini kinabaki salama. Kwa hiyo mitungi na mabomba husafishwa kabisa, hukaushwa, alafu huzoeshwa gesi kidogo kidogo kabla ya kujazwa. Ukiacha tone la grisi ndani ya bomba, au unyevu, au utando ukakwanguka pahala, umewasha moto ndani ya bomba na bomba lenyewe ni sehemu ya kuni.

Na mkumbuke bado inatumika, ndo maana nasema sio ya kuchekea. Viwanda vya chipu za kompyuta, kule Asia na Marekani, vina vyumba vidogo vya chuma ambamo silikoni na tungsteni hupakwa juu ya visahani vyembamba vya kutengenezea chipu tabaka kwa tabaka, na kuta za vile vyumba nazo hupakika bila kutaka. Badala ya kufungua mashine na kukwangua wanapitisha gesi hii, uchafu wote unageuka kuwa gesi unavutwa nje. Zipo gesi nyingine za florini zinazofanya kazi hiyo ila nyingi zinahitaji kuwashiwa plazma (gesi iliyopigwa umeme) kwanza, hii joto la mashine tu linaitosha. Kwenye mambo ya nyuklia pia imesaidia kugeuza urani iwe floraidi inayoweza kuruka kama gesi. Kwa hiyo hiyo simu unayosambazia klipu ya kututisha, huenda chipu yake imepita kwenye chumba kilichosafishwa na gesi hii au ndugu yake.

Basi hayo yote ni matamu kusoma lakini jamani, nani kati yetu atakutana na klorini trifloraidi? Fundi wa Unga Limited, mtaa wetu wa viwanda hapa Arusha, hatakutana nayo. Hakuna anayekuletea mtungi wake dukani. Tunachoweza kukutana nacho ni kile kinachobaki ikigusa maji, haidrojeni floraidi, ambayo ikiyeyuka kwenye maji tunaiita asidi ya haidrofloriki, na hiyo makala yenu mmeitaja mstari mmoja tu mkapita. Hiyo dunia nzima ipo kwenye shughuli za kawaida. Inachora vioo, inasafisha chuma cha pua, inang'arisha aluminiamu, inaondoa kutu na madoa ya mawe, ipo kwenye viwanda vya kusafishia mafuta. Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu za gari zinayo yenyewe au zina amoniamu baifloraidi ambayo ikiwa na maji inafanya madhara ya aina ile ile.

Darasani kwenye kitabu asidi hii imeandikwa ni asidi dhaifu, na ni kweli kwa hesabu za kikemia, haitengani vizuri kwenye maji. Mwanafunzi akisikia dhaifu anadhani ni nafuu. Ubaya wake ni huo huo. Kwa vile haijatengana inapita kwenye ngozi kirahisi, inazama mpaka kwenye nyama na mfupa, ndani huko floraidi inaanza kutafuta kalisi (ndo kalsiamu, ile ya kwenye mifupa). Maji ya betri yakikumwagikia unaruka, yanaunguza palepale, unakimbilia bomba. Hii ikiwa imechanganywa na maji mengi, chini ya asilimia 20 hivi, unaweza usisikie chochote kwa saa nyingi, hata siku nzima, unaendelea na kazi, unakula chakula chako, maumivu yanaanza usiku na yakianza hayana mfano kwa sababu yanatokea ndani. Ikiwa kali au imemwagika eneo kubwa inanyonya kalisi ya kwenye damu mpaka moyo unapoteza mpigo wake. Watu wamekufa kwa kumwagikiwa eneo la ngozi ambalo kwa asidi nyingine lisingemuua mtu.

Hiyo tamaa ya kalisi ndo inayoeleza kila kitu kuhusu floraidi, na kwetu ndo tunapaswa kuielewa kuliko watu wengine. Arumeru na maeneo ya Bonde la Ufa maji yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkeno, shirika la afya duniani WHO linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi wenyewe kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, na zipo chemchem zinazopita hapo mbali sana. Inaingia mwilini kidogo kidogo inakwenda kwenye meno na mifupa kwa sababu kalisi iko huko, ndo meno ya kahawia, na ikizidi sana miguu ya watoto inapinda. Pale Ngurdoto wamefanya kazi miaka na miaka ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwanini mifupa? kwa sababu floraidi inaikimbilia mifupa, bora ikimbilie ya ng'ombe kwenye ndoo kuliko ya mtoto. Na dawa ya mtu aliyemwagikiwa asidi hii ni nini, ni jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, unaipaka na kusugua ili floraidi ishike hiyo kalisi iache ya mtu.

Hapo ndo jibu la yule mzazi. Florini ikishashikana na sodiamu au na kalisi imetulia, haina ugomvi na zege wala na mtu, kinachobaki ni swali la kiasi. Dawa ya meno ina kidogo, mtoto anatakiwa kupaka kiasi kidogo na kutema asimeze, na kwa sisi wa maji yenye floraidi nyingi ni halali kabisa kumuuliza daktari wa meno kama mtoto aliye mdogo anaihitaji. Hilo ni swali la maana. Kulinganisha na N-Stoff sio swali.

Lakini kukosea floraidi moja ukadhani ni nyingine kumeshaua, na hapa naomba wenye maduka wasome vizuri. Mwaka 1982 mji wa Hachioji, huko Tokyo, daktari wa meno alimpaka mtoto wa miaka 3 asidi ya haidrofloriki kwenye meno akidhani ni sodiamu floraidi ya kuzuia kutoboka. Oda ya dawa ilikuwa imetajwa kwa jina la mkato, aliyeuza akaelewa kitu kingine. Mtoto alifariki. Japani hiyo, nchi ya watu makini, kwenye kliniki. Na Korea Kusini, mji wa Gumi, tarehe 27 Septemba 2012, wafanyakazi walikuwa wanahamisha haidrojeni floraidi kutoka kwenye lori la tangi ikavuja, wakafa watu 5, maelfu wakaenda kutibiwa, mazao yakakauka mashambani na mifugo ikaugua, serikali ikatangaza eneo la maafa. Gesi ya kuchoma zege haikuhusika hata kidogo. Ilikuwa hii ya mstari mmoja.

Sasa nawaambia kilichonikera zaidi. Nilikwenda kununua dawa ya kusafisha rimu kwa muuzaji mmoja, sitamtaja na wala sio yeye peke yake, nikapewa chupa ya maji ya kunywa imejazwa kitu kisicho na rangi, kizibo kile kile cha maji, haina lebo. Nikauliza ina nini ndani, akanijibu "ni kali tu mwalimu, usishike na mkono". Ndo maelezo yote! Kwa macho huwezi kujua, ni kama maji. Vijana wanaopiga kazi hiyo wanaosha na mikono mitupu, au na glavu zilizotoboka ambazo ni mbaya kuliko kukosa kabisa maana asidi inaingia inabaki humo inafanya kazi kwa nafasi. Mtoto akiikuta hiyo chupa nyumbani na kiu yake je. Bandari wanaona makaratasi ya mzigo, TBS, shirika la viwango, wapo, Mkemia Mkuu wa Serikali yupo na ndo mwenye sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, ila pipa likishafunguliwa likaingia kwenye chupa chupa hakuna anayefuata. Mhariri, mwandishi wenu angetoka na bajaji nusu siku tu kwenye mitaa ya gereji akapeleka chupa tano kupimwa mngekuwa na habari kubwa kuliko N-Stoff.

Hospitali nazo. Sidai kila zahanati iwe na maabara, nadai jeli ya kalsiamu glukoneti iwepo kwenye miji yenye viwanda na gereji, na mganga wa zamu ajue kuuliza mtu mwenye maumivu makali ya kidole kisicho na kidonda kikubwa, "jana ulikuwa unashika dawa gani?" Ukimwagikiwa na kitu cha namna hiyo vua nguo na saa, osha kwa maji mengi hapo hapo, usingoje maumivu, nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi ndani ya mfuko na useme neno floraidi. Na ndio, nimesema juu kwamba maji yanaichochea klorini trifloraidi, ila hiyo ni kumwagia maji dimbwi la kemikali. Ngozi ya mtu unaiosha tu.

Wasomaji wenu wa Kenya pia wana sehemu yao kwenye hadithi hii ambayo mngeweza kuiandika. Kimwarer, bonde la Kerio, palichimbwa florispa kuanzia miaka ya 1970, mawe ya kalisi na florini, yakapelekwa Mombasa yakapanda meli kwenda nje, na kazi kubwa ya florispa safi duniani ni kutengenezea hii asidi ya haidrofloriki, na kutoka kwenye asidi hiyo zinatoka karibu florini zote za viwandani, gesi za friji, Teflon, za kusafishia chipu. Yaani Afrika Mashariki tumeuza jiwe, jiwe ambalo ukilishika mkononi halikufanyi kitu, na vinavyotoka ndani yake vinaturudia kwenye chupa ya maji bila lebo.

La mwisho, ile picha. Mliweka chupa ya kioo ya maabara yenye moshi mwekundu wa kahawia, maelezo chini yake yanasema klorini trifloraidi. Ile ni bromini. Gesi ya klorini trifloraidi haina rangi, picha yake mngeweka mngeonekana mmechapisha chupa tupu, na chupa yenyewe ya kioo kile cha kawaida hakuna mtu mwenye akili timamu angeiacha imekaa nayo mezani namna ile huku kapiga kamera karibu. Naomba mrekebishe toleo la mtandaoni, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaitumia.

Mwalimu wa kemia,
Arusha